Mama kavunjika nyonga, dada katuma hela ya mashine ya mtetemo. Tuinunue?

Shikamoo anti,

Mimi ni kitinda mimba kwenye familia ya watoto wanne, naishi Morogoro na mke wangu, watoto na mama mzazi. Mama ana miaka 74. Aliteleza uani akitoka kuoga, akaangukia ubavu wa kushoto, hakuweza kuinuka tena, tukamkimbiza hospitali siku hiyo hiyo, picha ikaonyesha nyonga imevunjika, akafanyiwa operesheni akawekewa chuma. Sa hivi ni kama wiki ya kumi hivi na kidonda kimepona vizuri tu, hicho sina shaka nacho.

Shida ni kwamba mama hatembei. Kliniki ya mwisho daktari alisema anaruhusiwa kukanyagia ule mguu, na mtu wa fizio, yaani wa mazoezi ya viungo, akatupa woka, kile chuma cha kushikia wakati wa kutembea, akamwelekeza vizuri kabisa na pale hospitali alipiga hatua kadhaa, lakini tangu turudi nyumbani ni kitandani, kwenye kochi, kitandani tena. Ukimwambia mama twende hadi mlangoni anakujibu mguu bado haujashika, ukimlazimisha analia, na mimi kumuona mama analia siwezi, naacha.

Sasa kuna jamaa anapita mtaani anauza mashine ya mtetemo, ni kibao unapanda juu unasimama kinatetemeka. Anasema dakika kumi ni sawa na kutembea saa nzima, inaunganisha mfupa haraka, inarudisha kalsiamu, alaf inatibu presha, sukari na ganzi. Mama akaipenda kupita kiasi, kila siku anaiulizia. Dada yetu mkubwa yuko Muscat, tulivyomwambia akasema hata huko ameziona jim, hazikupita siku mbili katuma milioni moja na laki nne. Mke wangu akasema hiyo hela ingefanya vitu vingine vya mama, maneno yakamfikia dada, sasa hawasemeshani. Kaka zangu wao wapo kimya. Nimejaribu kusoma mtandaoni, huyu anasema wanasayansi wamethibitisha, yule anasema utapeli mtupu, nimechoka. Jamaa anataka jibu mwisho wa mwezi.

Labda nikuongezee na haya: mama ana presha na anameza dawa kila siku. Miaka ya nyuma aliwahi kuvunjika mkono, pale kwenye kifundo, kwa kujikwaa tu kizingitini. Na ule mguu wa operesheni jioni unavimba. Supu ya kongoro anapata kila siku hatujawahi kukosa.

Kitinda mimba, Morogoro

---

Marahaba mwanangu, pole sana kwa kuuguza, na mama mfikishie pole yangu.

Mashine naiweka pembeni kwanza maana kuna jambo umelitaja mwishoni kama nyongeza wakati mimi ndo limenishtua, huo mguu unaovimba. Kuvimba kidogo baada ya operesheni ya nyonga tunakuona sana, hasa kama mtu anashinda kwenye kochi miguu inaning'inia, na mara nyingi akilala mguu ukiwa juu ya mto asubuhi unakuta umepungua. Lakini kama asubuhi haupungui, au shavu la mguu linauma ukilibonyeza, au ngozi imekuwa nyekundu na ina joto kuliko mguu wa pili, hapo damu inaweza kuwa imeganda ndani ya mshipa, na mtu aliyevunjika nyonga kisha akawa analala na kukaa tu hatembei sawasawa ndo yupo kwenye hatari hiyo hasa. Ukiona hayo mpeleke siku hiyo hiyo, usingoje tarehe ya kliniki. Akianza kubanwa na pumzi au kuchomwa na kifua, hata kama ni saa nane za usiku amsha mwenye gari muende. Na ujue kabisa, mtu mwenye donge la damu mguuni hapandishwi kwenye mashine ya kutetemesha, donge likichomoka linakimbilia kwenye mapafu. Kwa hiyo hata kama mngekuwa mmeshaamua kuinunua, huo mguu lazima uangaliwe kwanza.

Haya, mashine. Nitakueleza kwa urefu kwa sababu huyo jamaa hajaokota maneno yake hewani, kuna ukweli ndani yake, na ukweli wa nusu ndo unaowapoteza watu.

Mfupa ni kitu hai. Ndani yake kuna chembe zinazohisi mzigo, ukikanyaga zinajua, ukikaa bila kukanyaga zinajua pia. Daktari mmoja wa upasuaji wa Ujerumani, Julius Wolff, aliandika kitabu mwaka 1892 akieleza kwamba mfupa unajijenga kufuatana na mzigo unaoubeba, na mpaka leo hatujapata sababu ya kumpinga. Angalia wanaanga, ni watu wazima wenye afya na wamechaguliwa mmoja mmoja, lakini wakiwa huko juu ambako mwili hauna uzito wanapoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya mfupa wa nyonga kila mwezi. Sasa kuna mtaalamu wa Marekani anaitwa Clinton Rubin, pale Stony Brook, New York, yeye na wenzake wakajiuliza je tukiutetemesha mfupa kidogo kidogo unaweza ukadhani unafanya kazi? Wakawasimamisha kondoo kwenye kibao kinachotetemeka dakika 20 kwa siku kwa mwaka mzima, na mwaka 2001 wakatangaza kwamba mfupa wa ndani ya paja, ule wenye vitundu kama sponji, umeongezeka msongamano kwa asilimia 34. Huko Hong Kong nako walifanya kwa panya waliovunjika paja, waliotetemeshwa wakaunga haraka kuliko wenzao. Unaona kwa nini watu walichangamka, na hata mimi ningekuwa nauza mashine hayo ndo ningeyasema.

Walipokuja kwa binadamu hayakuwa hivyo. Toronto walichukua wanawake 202 waliokoma hedhi, baadhi yao wakapanda kibao kila siku kwa mwaka, mfupa haukuongezeka kuliko kwa wale ambao hawakupanda. Boston wakachukua wazee 174 kwa miaka miwili, vile vile hakuna tofauti. Kubwa zaidi ilikuwa ya hao hao wa Hong Kong, wanawake 710 wa umri wa miaka 60 na kuendelea, dakika 20 kwa siku, siku tano kwa wiki, miezi 18. Mfupa, hakuna kitu. Ila wakakuta jambo jingine ambalo mimi nalithamini sana, wale waliopanda mashine miguu yao ilipata nguvu, wakawa wanasimama imara zaidi, na walioanguka au kuvunjika walikuwa asilimia 18.6 wakati kwa wale wasiopanda ilikuwa asilimia 28.7. Hilo sio dogo. Kwa hiyo mimi siungani na wanaosema ni utapeli mtupu, mtetemo unaweza kuifaa misuli ya mzee na namna anavyojishikilia asianguke. Lakini kuunganisha mfupa wa mama yako uliovunjika, hapana, hilo halijathibitishwa kwa watu, na ya presha na sukari na ganzi ni maneno ya biashara hayo, yaache.

Na wale wanawake wa Hong Kong walikuwa wanaishi kwao wanajitembelea wenyewe, hawakuwa na chuma cha wiki kumi pajani. Alaf mashine yao ilikuwa inatetemeka mara 35 kwa sekunde kwa nguvu ndogo mno, 0.3 ya mvutano wa dunia, yaani umesimama juu yake unausikia kwa mbali tu. Zile za jim na za kupunguza tumbo nyingi nguvu yake ni mara kumi ya hiyo na zaidi, meno yanagongana, na vitabu vya maelekezo vya mashine hizo mara nyingi vinakataza mtu mwenye mvunjiko mpya, chuma kipya mwilini, damu iliyoganda au betri ya moyo. Muulize jamaa akupe kile kitabu msome wote, sio picha ya kwenye boksi. Muulize inapiga mara ngapi kwa sekunde na kwa nguvu kiasi gani. Asipoweza kujibu hilo basi hajui anachouza na mzee hawezi kusimama juu ya kitu hicho.

Kwa hiyo jibu langu ni msinunue sasa hivi. Huko mbele picha ikionyesha mfupa umeshika, na daktari aliyemfanyia operesheni akakubali, na fizio akasema kwake kuna mashine ya nguvu ndogo tumjaribu, mimi sitakataa.

Lakini mwanangu barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja na naona mashine siyo tatizo lenyewe. Mama anaogopa. Mguu haujashika maana yake ni naogopa kuanguka, na ndo maana ameipenda ile mashine, inamwahidi kupona bila kupiga hatua hata moja. Simlaumu hata kidogo, mtu aliyelala kwenye sakafu ya uani anajiona hawezi kuinuka, kile kitu hakimtoki kichwani. Wodini nimewaona wengi, mfupa umeunga vizuri kabisa lakini mtu harudi kutembea kwa sababu ya hofu, na kila siku anayokaa misuli inaisha, misuli ikiisha anayumba kweli, akiyumba hofu inazidi. Ukimvuta kwa nguvu unamthibitishia kwamba ni hatari. Ukimwacha kwa huruma, unamwachia kochi limmalize.

Anza na kochi lenyewe. Kwanza mtafutie kiti kigumu chenye mikono kisicho kifupi, makochi yetu haya unazama ndani hata mzima anainuka kwa shida. Mpe panadol nusu saa kabla, kama daktari hajamkataza, maana maumivu na hofu ni ndugu. Asogee mbele ya kiti, nyayo zote mbili chini, aweke mikono kwenye mikono ya kiti asukume asimame, ahesabu mpaka tatu, akae taratibu asijitupe. Mara tano asubuhi, mara tano jioni, basi, siku hiyo usimuombe kitu kingine. Hilo tu la kukaa na kuinuka linajenga paja kuliko unavyofikiria. Akizoea msimamishe dirishani ashike nondo za dirisha kwa mikono miwili, ainue visigino ashushe, apeleke mguu pembeni arudishe. Nondo hazisogei, na mzee akishika kitu kisichosogea utaona mabega yake yanashuka.

Kwenye kutembea na woka, mfunge kitenge au kanga kiunoni juu ya nguo, ikaze vizuri, wewe simama upande wa mguu mbovu nyuma yake kidogo umeshika ile kanga. Usimshike mkono wala kwapa, akiyumba utamchomoa bega. Woka mbele, mguu mbovu, mguu mzima, hivo hivo. Ndala avue kabisa, mtafutie viatu vya raba vinavyofunga kisigino. Na mpe safari yenye sababu. Mlangoni kufanya nini? Lakini kiti kikiwa barazani na ungo wa mchele wa kuchambua upo hapo, na yule jirani yake anapita saa kumi, atakuwa na kinachomtoa ndani. Tena anapata na jua, maana mzee anayeshinda chumbani vitamini D inashuka na mfupa unaihitaji.

Dawa za presha nazo ziangaliwe. Mwambie daktari ampime presha akiwa amekaa alaf akiwa amesimama, wazee wengi wakisimama inashuka ghafla wanaona giza wanaanguka, na nyumbani mnasema kateleza. Wakati huo asitoke kitandani moja kwa moja, akae ukingoni kwanza achezeshe miguu.

Halafu ule mkono uliovunjika kizingitini. Hapo ndo niliweka simu chini nikarudia kusoma. Mtu anayejikwaa tu, kwa kimo chake mwenyewe, akavunjika kifundo cha mkono, miaka ikapita akaanguka tena kwa kimo hicho hicho akavunjika nyonga, huyo mifupa yake imekuwa myepesi, osteoporosisi yenyewe. Chuma kimetengeneza mfupa mmoja. Nyonga ya kulia na uti wa mgongo vipo vile vile vilivyokuwa, na kama kuna aliyewaambia habari ya dawa ya mifupa basi hujaniandikia. Dawa zipo na hazijaanza juzi. Kuna utafiti ulitoka mwaka 2007, wagonjwa 2127 waliotoka kutengenezwa nyonga, wengine wakapewa dripu ya zoledroniki asidi mara moja kwa mwaka, wakapungukiwa na mivunjiko mipya kwa asilimia 35 na vifo kwa asilimia 28 kuliko wasiopewa. Hakuna mashine ya mtetemo iliyowahi kuonyesha kitu cha namna hiyo kwa wagonjwa kama mama yako. Kuna na vidonge vya alendroneti vya miligramu 70, kimoja kwa wiki, asubuhi kabla ya chai na glasi nzima ya maji, na asilale wala asile kwa nusu saa, kinachoma koo. Zote zinataka figo zipimwe kwanza na kalsiamu na vitamini D viwe sawa, kwa hiyo sio za kujinunulia famasi. Kliniki ijayo msiondoke mpaka mmeuliza neno hili kwa daktari: mama anahitaji dawa ya mifupa? Kama hapo hawana uzoefu nazo waombeni rufaa, kutoka Morogoro MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili Dar es Salaam, sio mbali, angalieni ratiba ya kliniki muende.

Supu ya kongoro endeleeni kumpa kama anaifurahia, ila kalsiamu inayotoka kwenye mfupa kuingia kwenye maji ni kidogo sana. Dagaa wakavu mzima mzima na vimiba vyake, maziwa, mtindi, mayai, maharage. Mfupa unaounga unataka protini na wazee wengi wakiuguzwa wanapewa uji na supu tu.

Sasa dada. Dada yenu yupo mbali, mama kaanguka hakuwepo, operesheni imefanyika hakuwepo, hiyo hela ndo mkono wake umefika hapo. Mkimwambia mashine haifai atasikia mchango wako haufai. Kwa hiyo asiambiwe na mkeo, wala usimtumie mkeo kama ushahidi, mpigie wewe mdogo wake, umshukuru kwanza na umaanishe. Umwambie dada hela ipo salama haijaguswa, ila mtaalamu kasema chuma bado kipya mtetemo usubiri, na kuna vitu vya mama vya haraka tunaomba ruhusa yako. Kisha mtajie: fizio aje nyumbani mara moja moja kwa wiki mpaka mama ashike mwendo, fundi achomelee bomba la kushikia bafuni na pale uani palipomwangusha paparuzwe sakafu isiwe laini, kiti cha plastiki cha kuogea, kiti chenye tundu kiwekwe juu ya choo maana kuchuchumaa na nyonga ile hapana, taa ya njia ya chooni, viatu, vipimo vya damu na hiyo dawa ya mifupa. Hesabu iandike kwenye karatasi umtumie picha. Ukiweza muunganishe na fizio waongee wenyewe, atamsikia kuliko anavyokusikia wewe, kitinda mimba ni kitinda mimba hata akiota mvi.

Na mpeni kazi dada. Mama akianza kutoka kwenda barazani mpigie video saa hiyo hiyo kila siku, yeye ndo amhesabie hatua. Wazazi wetu kuna vitu watakukatalia wewe unayewaogesha alaf wavifanye kwa mtoto aliyeko kwenye simu. Hapo na mkeo atapata nafasi ya kumsalimia wifi yake bila kuanza na habari ya hela.

Huyo jamaa mwambie mwisho wa mwezi hamna jibu, na asimpandishe mama kwenye kibao chake hata kwa kujaribu tu. Huo mguu uangalie kesho asubuhi kabla mama hajashusha miguu kitandani, alaf niandikie umeukutaje.